Wanaokataa Vipimo vya Ubongo Nao Wanapima

Msomaji hahitaji kusimuliwa upya kesi dhidi ya vipimo vya kazi za ubongo. Hoja zake amezisikia kwenye vikao vya wazazi shuleni, kwenye wodi za majeruhi wa bodaboda, kwenye vikao vya ukoo anapojadiliwa mzee anayepotea njia ya kwake, na hata midomoni mwa baadhi ya madaktari. Wanaovikataa wanasema kumkalisha mtu saa tatu au nne akikariri orodha za maneno, akipanga vipande vya mbao na kutaja majina ya wanyama ni mchezo wa Wazungu wenye fedha na muda. Wanasema picha ya kichwa inatosha. Wanasema mtoto ataacha akikua, na mzee huo ndio uzee wenyewe. Wakibanwa sana wanasema hata tatizo likigundulika hakuna la kufanya, maana ubongo ukishaharibika umeharibika. Nimezifuata hoja hizi kwa makini, kwa kuwa baadhi ya wanaozitoa si watu wa kubezwa. Ninyi ndio mahakimu. Zipimeni moja moja, kisha ziwekeni pamoja muone kama zinapatana zenyewe kwa zenyewe.

Hoja yao kubwa ni kwamba vipimo hivi ni vya kigeni na vimebeba dharau. Niieleze kwa haki, maana ndiyo yenye uzito. Vingi vilitungwa Ulaya na Marekani, vikajaribiwa kwa watoto waliokua na penseli, vitabu vya picha na michezo ya kupanga maumbo. Mtoto wa kijijini Sengerema akishindwa vipimo hivyo, hujui kama kilichoshindwa ni ubongo wake au ni ugeni wa vifaa. Tena vina historia chafu. Kuanzia mwaka 1913 mwanasaikolojia Henry Goddard na wasaidizi wake waliwapima wahamiaji pale Ellis Island, New York, na kuwatangaza wengi kuwa wapungufu wa akili. Mwaka 1979 mahakama moja ya California, katika kesi iitwayo Larry P., ilizuia vipimo vya IQ visitumike kuwapeleka watoto weusi kwenye madarasa ya wenye akili pungufu, kwa sababu vilikuwa vinawaonea.

Yote hayo nayakubali. Nashangaa tu kwamba wameliacha shtaka lililo karibu zaidi na sisi. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1951 kwamba namna Mwafrika anavyofikiri inafanana na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Ushahidi huu ungewafaa sana wapinzani, ila una kasoro moja: unashuhudia upande wangu. Carothers hakufikia hitimisho lile kwa kuwapima watu kazi za sehemu hiyo ya ubongo na kuwalinganisha na wenzao wenye elimu na maisha ya aina moja. Alilifikia kwa kutazama tabia, kukusanya maoni na kuchora mfanano. Dharau ile ilistawi kwa sababu hakuna aliyemdai kipimo.

Na ni nani waliothibitisha kwamba vipimo vya kigeni huwaonea watoto wetu? Wapimaji wenyewe. Robert Serpell alichapisha mwaka 1979 matokeo ya kuwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ileile ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Manchester waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Lusaka huukunja kutengenezea magari ya kuchezea, wa Lusaka waliongoza. Kwa udongo wa kufinyanga wakatoka sare. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walionyesha, kwa watoto wa Kijaluo magharibi mwa Kenya, kwamba waliojua zaidi dawa za miti shamba walielekea kupata alama ndogo kwenye msamiati wa Kiingereza. Matokeo haya ndiyo silaha ya wapinzani wetu, nao huyatumia kana kwamba yaliokotwa njiani. Yalipatikana kwa kupima.

Sasa tazameni hoja inavyoruka. Kutoka kwenye ukweli kwamba kipimo cha Manchester hakimfai mtoto wa Lusaka, mtu mwenye mantiki angesema: basi kitungwe kinachomfaa. Wao wanasema: basi asipimwe kabisa. Hatua ya katikati imeachwa, na imeachwa wakati kazi yenyewe imeshafanyika. Kilifi, watafiti wakiwemo Amina Abubakar na Penny Holding walitunga kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kwa kutumia vifaa ambavyo mtoto wa Pwani ya Kenya anavifahamu. Kampala, timu ya Chandy John na Michael Boivin ilitumia kipimo kilichotungwa Marekani, lakini haikuwalinganisha watoto wa Uganda waliopona malaria na wa Marekani. Iliwalinganisha na watoto wenye afya wa mitaa yao wenyewe. Anayesema vipimo hivi havina maana Afrika Mashariki ana wajibu wa kutuonyesha kosa katika kazi za namna hiyo. Sijaona aliyejaribu.

Nenda Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako hoja ya kwanza inakutana na ya pili, ya uzee. Kwa wazee, kipimo maarufu cha kimataifa humtaka mtu achore pembetano mbili zinazoingiliana na aandike sentensi. Mpe kazi hiyo bibi ambaye hajawahi kushika penseli, na utampa jina la ugonjwa kwa kosa la kunyimwa shule. Watafiti waliofanya kazi Hai hawakuacha kupima kwa sababu hiyo. Waliweka njiti za kiberiti mezani na kumwomba mzee apange umbo kama alivyoonyeshwa. Wakaongeza maneno ya kukumbuka baada ya muda, kutaja wanyama, na maswali ya siku na mahali. Kipimo kifupi kikapatikana ambacho mhudumu asiye mtaalamu anaweza kukitumia, na ambacho hakimwadhibu mzee kwa kutojua kusoma.

Hoja ya pili ndiyo ile ya uzee. Wanasema kusahau ni sehemu ya kuzeeka, na kumpeleka babu kwenye vipimo ni kumsumbua bure. Kuna ukweli ndani yake: kasi ya kufikiri hupungua kwa umri, na kusahau mahali ulipoweka miwani si ugonjwa. Lakini uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika Hai mwaka 2009 na 2010 uliwakuta na demenshia (kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kwa ugonjwa) asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea, baada ya kurekebisha hesabu kwa umri. Geuzeni namba hiyo. Kati ya wazee 100 wa umri huo, zaidi ya 93 hawakuwa nayo. Kama uzee ndio sababu, hao 93 wameukwepa vipi? Halafu kuna jambo ambalo wenye hoja hii hawapendi kukumbushwa. Kwenye kikao cha ukoo wanasema ni uzee tu. Siku bibi anapokutwa saa nane za usiku uani kwa jirani, baadhi yao haohao wanasema ni mchawi. Wametoa majibu mawili kwa mtu mmoja bila kumuuliza swali hata moja. Mtaalamu angeuliza kama anasikia vizuri, kama ana huzuni iliyopitiliza tangu afiwe, kama hali ilimjia ghafla au polepole, anatumia dawa gani, na damu yake inasemaje, kwa sababu baadhi ya mambo yanayofanana na demenshia yanatibika.

Hoja ya tatu hutolewa na watu wasomi, na hutolewa kwa sauti ya kufunga mjadala: siku hizi kuna picha za CT na MRI, kwa nini tuhangaike na maswali na vibao? Ni swali halali. Picha inaonyesha damu iliyovuja, uvimbe, sehemu iliyokufa kwa kiharusi, na hakuna orodha ya maneno inayoweza kufanya kazi hiyo. Ila picha ni ya umbo, na malalamiko ya mgonjwa ni ya kazi. Huwezi kujua redio inashika stesheni gani kwa kuipiga picha. Majeruhi aliyegonga kichwa barabarani mara nyingi huwa na CT safi kabisa, akaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha mkewe akagundua kwamba mume aliyerudi hawezi kufuata mazungumzo ya watu watatu, anawaka hasira kwa jambo dogo, na biashara aliyoiendesha miaka kumi imemshinda kwa mwezi mmoja. Picha imesema ni mzima. Nani aaminiwe?

Historia ya taaluma ya kupima kazi za ubongo ina jibu. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji kijana Henry Molaison ili kumtibu kifafa, akaondoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili. Kijana akapoteza uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alianza kumpima mwaka 1955. Kwa karatasi, kioo na subira aligundua kwamba mtu huyo aliweza kujifunza kazi ya mikono, ya kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, huku kila siku akiapa kwamba hajawahi kuifanya. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Picha za MRI za ubongo wake zilikuja kupatikana miaka ya 1990. Nazo hazikuwa bure, kwani zilionyesha kwamba Scoville alikuwa ameondoa kidogo kuliko alivyokadiria. Picha ilirekebisha kipimo cha kisu. Haikupata la kurekebisha katika alichogundua Milner. Na kwa wanaoamini kwamba kutazama ubongo ni salama kuliko kuuliza maswali, nawakumbusha F. W. Vint wa Nairobi, aliyechapisha mwaka 1934 makala juu ya ubongo wa wenyeji wa Kenya, akiutazama uzito wake na tabaka lake la nje, yakatumika kuwatetea waliosema Mwafrika ni duni kwa maumbile. Hakuna hata moja kati ya akili zile iliyoulizwa lolote. Wenye ubongo ule walikuwa wameshafariki.

Molaison ananifikisha kwenye hoja ya nne, kwamba kipimo humpa mtu namba na namba humtia chapa ya kudumu. Namba ninazikubali, kudumu nakukataa. Molaison alipata IQ ya 112 baada ya upasuaji, zaidi ya wastani, na asingeweza kukumbuka aliyempa mtihani huo akitoka chumbani kwa dakika chache. Hakuna mfano mzuri zaidi wa kuonyesha kwamba namba moja haimwelezi mtu. Lakini mtaalamu anayejua kazi yake haandiki namba moja. Anaandika kwamba mtoto huyu anaelewa anachosikia kama wenzake wa umri wake, ila anashindwa kushika maagizo matatu kwa mpigo. Kwamba anasoma polepole lakini anahesabu vizuri kwa kichwa. Kwamba umakini wake hushuka baada ya dakika 20. Alfred Binet, aliyetoa kipimo chake cha kwanza Paris mwaka 1905, alitaka kuwajua watoto wanaohitaji msaada, na alipinga waziwazi wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichobadilika. Embu, Kenya, alama za watoto wa vijijini kwenye kipimo cha akili cha Raven zilipanda sana kati ya mwaka 1984 na 1998. Watafiti walihusisha mabadiliko hayo na lishe, na elimu ya wazazi, na ukubwa wa familia. Namba zilizopanda namna hiyo ni chapa gani?

Chapa ya kweli tunayo, na haitoki kwa mtaalamu. Inaitwa kilaza. Hutolewa darasani mbele ya watoto 70 bila tarehe, bila kiwango cha makosa, bila nafasi ya kupimwa tena, na mara nyingi husindikizwa na fimbo. Wanaoiogopa namba kwenye ripoti ya siri wameishi na chapa hii maisha yao yote na sijawasikia wakiipinga kwa ukali huohuo.

Sasa tufike kwenye mgongano mkubwa kuliko yote. Kuhusu watoto wanasema: muacheni, ubongo wa mtoto hujiponya, atakaa sawa. Kuhusu watu wazima wanasema: ubongo ukishaumia basi. Kauli hizi mbili hutamkwa na watu walewale, na zote mbili zinaishia mahali pamoja, yaani tusifanye kitu. Hapo ndipo mimi hushuku. Hoja mbili zenye misingi inayopingana zikizaa hitimisho moja linalomfaa msemaji, hakimu ana haki ya kuuliza kama hitimisho halikutangulia.

Chukueni ya watoto. Ni kweli kwamba ubongo mchanga una uwezo mkubwa wa kujipanga upya. Majaribio ya Margaret Kennard kwa nyani miaka ya 1930 yaliitia nguvu imani hiyo. Lakini baadaye mwanasaikolojia Donald Hebb alionya kwamba jeraha la utotoni linaweza kuwa baya zaidi, maana linaharibu kile ambacho ujuzi wote wa baadaye ulipaswa kujengwa juu yake. Timu ileile ya Kampala ilitoa ushahidi wenye namba. Watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria iliyopanda kichwani walipimwa tena baada ya miaka miwili. Robo yao, asilimia 26, walikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la kufikiri, wakati kwa watoto wenzao wa mtaani ilikuwa chini ya asilimia 8. Hawa ni watoto walioruhusiwa hospitali wakitembea, wakila, wakicheka. Mama alimshukuru Mungu na akawa na sababu ya kushukuru. Tatizo linaweza kujitokeza darasa la nne au la tano, masomo yanapozidi na mtoto akatakiwa kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka homa ya miaka ile. Mwalimu anaona uvivu.

Halafu chukueni ya watu wazima. Seli zilizokufa kwa kiharusi hazifufuki, na anayeahidi hivyo ni tapeli. Lakini tiba ya kazi za ubongo haikuahidi kufufua. Inatafuta njia ya kuzunguka. Mwaka 2001 Barbara Wilson na wenzake walichapisha Uingereza matokeo ya watu 143 wenye matatizo ya kumbukumbu na kupanga mambo, wengi wao baada ya jeraha la kichwa au kiharusi. Walipewa kifaa kidogo cha mkononi kilichowakumbusha kunywa dawa, kula, kwenda miadi. Zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza jaribio walifanikiwa zaidi kutimiza mambo hayo kuliko walivyoweza awali. Kumbukumbu yao haikupona. Maisha yao yalibadilika. Leo kazi hiyo inafanywa na kengele ya simu ya kitochi, lakini mtu lazima kwanza ajue kwamba kinachomshinda mgonjwa ni kukumbuka kuanza jambo, si kukosa nia. Na kule Hai, wazee wenye demenshia waliketi kwa vikundi katika vikao 14 vya mazungumzo na shughuli zilizorekebishwa kulingana na maisha yao, bila dawa mpya, na alama zao za kufikiri zikaboreka.

Kuna hoja changa inayokuja kwa kasi, nayo haihitaji nafasi kubwa: kwamba michezo ya simu ya kunoa ubongo itachukua nafasi ya mtaalamu. Kampuni iliyotengeneza Lumosity ilikubali mwaka 2016 kulipa dola milioni 2 kumaliza madai ya tume ya biashara ya Marekani kwamba iliwadanganya wateja kuhusu faida za michezo yake. Mazoezi ya kompyuta yamejaribiwa kwa uangalifu Uganda kwa watoto waliopona malaria kali, na yakaonyesha faida fulani kwenye mambo yaliyofanyiwa mazoezi. Kufaulu shuleni ni jambo jingine. Mchezo ambao haujui mtoto ameshindwa nini hauwezi kujua umfundishe nini.

Inabaki hoja ya mwisho, ya pekee ambayo sitaipinga moja kwa moja: wataalamu ni wachache mno na huduma ni ghali. Ni kweli, na mzazi wa Tandahimba haoni faraja kwa kuambiwa kuna kliniki Dar es Salaam au Nairobi. Lakini tofautisheni "hatuna cha kutosha" na "hakihitajiki". Ukisikia mtu anaanza na la kwanza na kumalizia na la pili, msimamishe hapo. Uchache wa madaktari wa upasuaji haujawahi kutumiwa kuthibitisha kwamba kidole tumbo hujiponya. Tena si kila mtu anahitaji saa nne za vipimo. Mhudumu aliyefundishwa anaweza kutumia kipimo kifupi cha Hai zahanati, na wachache watakaoonekana na tatizo ndio wasafirishwe. Hospitali inayomruhusu mtoto aliyetoka kwenye degedege na kupoteza fahamu inaweza kuandika kwenye kadi yake kwamba apimwe uwezo wa kujifunza kabla ya darasa la kwanza, na kalamu ya kuandikia hilo ipo. Vyuo vyetu vinavyofundisha saikolojia tiba vinaweza kukusanya viwango vya ulinganisho kwa watoto na wazee wanaozungumza Kiswahili, kazi ambayo hakuna mgeni atakayetufanyia vizuri kuliko sisi.

Na ukiletewa ripoti ya mtoto wako au ya mzazi wako, usiipokee kwa kuinamisha kichwa. Uliza amelinganishwa na nani. Uliza alihojiwa kwa lugha gani, kama alikuwa amelala na kula siku hiyo, na ni jambo gani hasa litabadilika nyumbani au darasani kuanzia Jumatatu. Ripoti isiyojibu maswali hayo irudishe. Kisha mwalimu au jamaa atakayekwambia kwamba huyu ni mvivu tu, naye muulize maswali hayohayo.